Nimeambiwa mapafu yangu hayatapona, na sigara sijawahi kuvuta hata siku moja

MamaHawa_Busia

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Mimi ni mama wa miaka 54, niko Busia upande huu wa Uganda, naandika kwa simu ya binti yangu kwa hiyo mtanisamehe nikikosea. Wiki mbili zilizopita nilipimwa kwenye hospitali ya rufaa, nikapuliza kile kimashine cha mapafu mara tatu mara nne mpaka macho yakaona giza, wakanipa dawa ya kuvuta, nikangoja kama robo saa, nikapuliza tena. Mwisho daktari akasema mama hii sio TB, hii ni COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, hauponi ila tutautuliza. Akaandika dawa akaita mwingine. Pale kwenye neno "hauponi" kichwa changu kilisimama, aliyoyasema baada ya hapo sikuyasikia kabisa, nilikuja kushtuka niko nje nimekaa kwenye benchi karatasi imelowa jasho mkononi.

Niwaambie nilikotoka. Kikohozi hiki kina miaka mitatu. Kliniki ya kwanza niliyoenda walinipa dawa za TB miezi sita wakati makohozi walipima na hawakuona kitu. Nikamaliza, kikohozi kiko pale pale. Mwaka uliofuata kliniki nyingine wakasema imerudi, nikaanza tena. Na kwa watu ukishasemekana TB basi, kwenye msiba wa jirani niliona kikombe changu kimewekwa peke yake kando ya beseni, hakuna aliyesema neno, lakini nilikiona. Wifi yangu yeye anasema kuna mtu amenifanyia kitu.

Sigara sijawahi kugusa, mume wangu pia havuti. Daktari aliniuliza napikia nini nikamwambia kuni, na kweli jamani nimepika kuni maisha yangu yote, kwanza mihogo na mandazi barabarani, halafu miaka 16 sasa niko jiko la shule moja hapa, posho, yaani ugali, na maharage ya watoto zaidi ya 300 kila siku. Jiko lenyewe ni chumba cha matofali chenye dirisha moja. Posho ikianza kushika lazima uinamie sufuria na mwiko mrefu kama jembe, huwezi kusongea kwa mbali, kwa hiyo uso uko juu ya moshi kabisa, machozi yanatoka unajifuta na bega unaendelea. Kuta zimekuwa nyeusi zinang'aa kama zimepakwa lami. Sikuwahi kufikiri kama ukuta uko hivyo na kifua changu je.

Sasa nauliza, ni kweli moshi wa kuni peke yake unaweza kufanya hivi? Nikae nao vipi huu ugonjwa, manake saa hizi kubeba ndoo tu kutoka bombani napumzika mara tatu. Na usiku ndio mbaya, nikiamka pumzi imebana naogopa nakufa, nikiogopa inabana zaidi. Ile pampu ya bluu ya dawa niliyopewa navuta lakini naona kama haifanyi kitu, ni uchungu tu ulimini. Na watoto sijawaambia ukweli, huyu binti mwenye simu anajua ni "kifua". Naomba mwenye kujua, hasa aliyepitia mwenyewe, aniambie.

Sajenti_Mstaafu (Bombo)

Waaleikum salaam dada yangu Mama Hawa, pole sana. Mimi nina hiki kitu tangu 2018, leo nina miaka 67 na asubuhi hii nimetoka kumwagilia sukumawiki zangu, kwa hiyo soma taratibu usiogope.

Mimi wangu ni wa sigara, sitaficha, nilianza jeshini nikiwa kijana, baridi ya usiku na kulinda, pakiti moja kwa siku zaidi ya miaka 30. Daktari aliponiambia nilirudi nyumbani nikanyamaza mwezi mzima bila kumwambia mke wangu, na huo mwezi ndio niliteseka kuliko yote, nilikuwa najificha nyuma ya nyumba nikihema ili asinione. Siku alipojua hakulia hata, alisema tu "kumbe ndio maana umeacha kuja kulala mapema", akatafuta mito miwili akainua upande wa kichwa. Waambie watoto dada. Wanajua tayari kuna kitu, hawajui tu ni kitu gani.

Sasa hii ya pumzi, nikueleze nilivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Pumzi ikibana mwili unataka kuvuta hewa haraka haraka, na hapo ndipo tunapokosea, manake shida yetu sio kuingiza, shida ni kutoa. Ukivuta vuta juu juu unarundika. Fanya hivi: kaa, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au mikono juu ya meza, mabega yaache yalegee. Vuta kwa pua polepole, moja, mbili. Halafu kunja midomo kama unapoza chai ya moto, toa polepole, moja mbili tatu nne. Usisukume kwa nguvu, acha itoke yenyewe. Mara tano, mara sita. Fanya mazoezi hayo mchana ukiwa mzima, usingoje usiku ukiwa na hofu ndio ujifunze, haitakubali. Mimi nilijifunzia kwenye benchi nje nikisikiliza redio.

Na jifunze kugawa pumzi. Mtu mwenye pesa kidogo hanunui vitu vyote Jumatatu. Mimi naoga nimekaa kwenye kigoda, natandika kitanda upande mmoja napumzika halafu upande wa pili. Nikibeba kitu au nikipanda ngazi natoa pumzi wakati wa kazi ngumu na kuvuta wakati wa kupumzika, hilo peke yake lilinibadilishia maisha. Msikitini nasali kwenye kiti, mwanzoni niliona aibu mbele ya vijana, kusujudu kulikuwa kunanikata pumzi kabisa, imamu mwenyewe ndiye aliniletea kiti akakiweka mwisho wa safu.

Lakini usije ukakaa tu. Hapa wengi tunaharibikiwa, mtu akiambiwa mapafu anakaa kitini miguu inakuwa laini, halafu hata kwenda chooni ni safari. Hospitali ya Mulago kule Kampala waliwahi kuwafanyia wagonjwa ambao mapafu yao yaliharibiwa na TB mazoezi ya wiki 6, mara mbili kwa wiki, na walitembea mbali zaidi na kupumua vizuri zaidi kuliko walivyoanza. Mimi nilianzia mlangoni mpaka kwenye mti wa jakifruti, siku zikaenda nikafika kwenye nguzo ya umeme, sasa nafika dukani na kurudi. Kingine ni kukaa kitini na kusimama bila kushika, mara kumi. Kuhema kidogo wakati wa mazoezi sio hatari, ni sawa, ukishindwa kuongea ndio usimame.

Na kama kuna anayesoma hapa anavuta bado, acha. Nilichelewa, lakini tangu niache hali yangu haijaporomoka kama ya rafiki yangu tuliyeugua pamoja, yeye akaendelea kuvuta.

Muuguzi_Mbale

Mama Hawa pole na hongera kwa kufika mpaka kwenye kipimo, wengi wanaishia kutibiwa TB au pumu au "homa ya mapafu" miaka na hawajawahi kupuliza hicho kimashine hata mara moja. Mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya vifua miaka kadhaa, sikuoni kwa hiyo sitabadilisha alichoandika daktari wako, ila haya uliyouliza nitajibu.

Moshi wa kuni unaweza, ndio, bila sigara hata moja. Na hauko peke yako, 2015 ulitoka utafiti wa Masindi hapa Uganda, walipima karibu watu 600 wenye miaka 30 kwenda juu vijijini, wakakuta karibu watu 16 kati ya 100 wana ugonjwa huu, na wanawake walikuwa nao sawa na wanaume au kuzidi kidogo. Karibu wote wanapikia kuni au makaa. Wengine walikuwa hawajafika hata miaka 40. TB iliyopona nayo inaacha makovu yanayoleta hali hii hii, na mtoto aliyeugua mapafu mara nyingi utotoni pia anaweza kuanza maisha na mapafu yaliyopungukiwa.

Ndani kunatokea hivi. Mirija ya hewa imevimba imekuwa myembamba, na vile vifuko vidogo mwishoni vimelegea kama elastiki ya sketi iliyochakaa, havirudi. Hewa inaingia lakini inachelewa kutoka, kwa hiyo unavuta pumzi mpya juu ya ile ya zamani, kifua kinajaa. Ndio maana Sajenti anakwambia toa polepole, yuko sahihi kabisa. Kile kimashine kinaangalia hilo: kama hata baada ya dawa sekunde ya kwanza unatoa chini ya asilimia 70 ya hewa yote unayoweza kuipuliza, mirija imebana na haifunguki yote. Pumu kwa kawaida inafunguka zaidi, inakuja na kuondoka.

Hauambukizi. Hilo mwambie wifi na majirani. Kikombe kirudi kwenye beseni na vingine.

Sasa pampu. Umesema uchungu ulimini, hiyo ndiyo dalili, dawa inagonga ulimi inabaki pale, kifuani haijafika. Sio kosa lako, nakuambia wagonjwa wengi mno wanaikosea na mara nyingi hakuna aliyewaonyesha. Tutengeneze chupa ya kuchomeka pampu, ili dawa ifike kifuani. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi, kavu. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa uuchore na kalamu, kata tundu la umbo hilo hilo kwa waya uliopashwa moto au ncha ya kisu, liwe dogo kidogo ili pampu iingie kwa kubana. Pembeni ziba na plasta au gundi hewa isivuje, kuziba ni muhimu. Madaktari wa Cape Town walijaribu hili 1999 kwa watoto wenye pumu, chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na vile vifaa vya dukani. Ioshe kwa maji ya sabuni uiache ijikaushe yenyewe, usiifute na kitambaa, ukiifuta dawa inanata kwenye plastiki.

Wakati wa kutumia, tikisa pampu, ichomeke, toa pumzi yote polepole, weka midomo kwenye shingo ya chupa ibane, bonyeza mara moja tu, vuta polepole na ndani kabisa, shikilia uhesabu mpaka kumi kama unaweza. Ukishindwa kushikilia, vuta na kutoa ndani ya chupa mara nne tano kawaida. Ngoja kama dakika moja, tikisa tena, ndio ubonyeze ya pili. Usibonyeze mbili kwa mpigo. Nyingi za pampu hizi zina mibonyezo 200, andika na kalamu tarehe uliyoianza ili isikuishie usiku wa manane. Ukija kupewa na ile pampu nyingine ya kahawia, ya kutuliza uvimbe wa mirija, hiyo ni ya kila siku hata ukiwa mzima, na ukimaliza sukutua mdomo uteme, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni.

Kuna watu watakuuzia vidonge vya salbutamol, dawa ile ile iliyo kwenye pampu ya bluu, kwa sababu ni bei rahisi. Fikiria, kidonge kimoja cha kawaida ni miligramu 4, mbonyezo mmoja wa pampu ni mikrogramu 100, yaani kidonge ni mara 40, kinapita mwili mzima kabla ya kufika kifuani, ndio maana mikono inatetemeka na moyo unakimbia. Kama una pampu na chupa, kaa na pampu.

Kimbia hospitali kama makohozi yameongezeka au yamebadilika rangi kuwa kijani au manjano nzito na pumzi imezidi kubana kuliko siku zako za kawaida. Hapo kuna dawa za siku chache zinazotuliza, ukichelewa unalazwa. Na usingoje asubuhi kabisa kama huwezi kumaliza sentensi moja, midomo imekuwa ya bluu, au umeanza kuchanganyikiwa. Ukikohoa damu, ukipungua mwili au ukitoka jasho la usiku, pima TB tena, mtu mwenye COPD anaweza kupata TB pia. Miguu ikivimba sema, inaweza kuwa moyo.

Uliyouliza kimoyomoyo, utakaa muda gani, hakuna anayeweza kukutajia mwaka. Nina wagonjwa wanaokuja kliniki mwaka wa kumi huu wanatembea kwa miguu yao. Anayezidiwa haraka mara nyingi ni yule anayeendelea kukaa kwenye moshi na anayekuja amechelewa kila anapobanwa.

Omukulu_Kasese

Mama pole. Kwetu tunachemsha majani ya kalitunsi na mululuza unajifunika blanketi unavuta ule mvuke, unafungua kifua. Pia kuna mzee mmoja anachoma mizizi fulani unavuta moshi wake siku saba, shemeji yangu alipona kabisa. Dawa za hospitali tumia lakini na hizi zetu zisidharauliwe.

Muuguzi_Mbale

Mzee wangu naheshimu, mama yangu mzazi alitulea kwa mululuza. Ila niseme wazi kwa ajili ya Mama Hawa. Chai ya tangawizi na asali kunywa, inatuliza koo, haina shida. Mvuke kuwa mwangalifu, mtu aliyebanwa akijifunika blanketi anaweza kuzidiwa mle ndani, na nimeshaona sufuria imewamwagikia watu mapajani. Lakini moshi wa mizizi hapana, hapana kabisa. Mapafu haya yameharibiwa na moshi, hayajui kama huu ni wa posho au wa dawa. Shemeji kama alipona kabisa namshukuru Mungu, pengine alikuwa na kitu kingine kinachopona.

BintiWaArua

Nimesoma yote nimelia kidogo. Mimi ndio yule mtoto ambaye hakuambiwa. Mama yangu aliambiwa COPD akatuficha karibu mwaka, sisi tukawa tunasema mama amekuwa mvivu, dada yangu alimwambia hivyo usoni, "Mama, siku hizi umekuwa wa kukaa tu". Bado hajajisamehe. Mama Hawa mpe binti yako hiyo simu asome huu uzi mwenyewe kama mdomo unakuwa mzito.

Nikwambie tulichofanya nyumbani manake hospitali wanasema "epuka moshi" halafu unarudi nyumbani unaangalia mafiga unajiuliza nile nini. Gesi hatukuweza mwanzoni. Tulianza na vitu vya bure. Maharage tunaloweka usiku, yanaiva haraka sana, yaani moshi umepungua sana kwenye sufuria hiyo moja. Kuni tunazikausha kwenye mabati juu, kuni mbichi ndio yenye moshi wa kukata roho. Mafiga tulitoa nje chini ya kibanda kisicho na kuta, mvua ikinyesha ndio tunatumia sigiri barazani, na sigiri haiingizwi ndani ya nyumba ikiwaka hata kama kuna baridi, makaa hayaonyeshi moshi lakini yana sumu inayoua watu usingizini. Baadaye kaka akajenga jiko la udongo lenye dohani. Mama hapiki tena, anakata mboga, anachagua mchele, anatoa amri, na kutoa amri anaweza jamani.

Vitu ambavyo hatukufikiria: dawa ya mbu ya kuchoma usiku tuliiacha tukabaki na neti. Tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, tukabadilisha na taa ndogo ya sola. Na ubani. Sisi Wanubi bila ubani nyumba sio nyumba, mama mwenyewe ndiye alikuwa mgumu hapa, ubani wa Alhamisi jioni ulikuwa wa bibi yake. Mwisho tunachomea kwa shangazi nyumba ya pili na anakwenda kuwasalimia kesho yake, harufu imebaki kwenye mapazia bila moshi. Kufagia tunanyunyizia maji kwanza. Kiangazi Desemba mpaka Februari watu wanapochoma majani mashambani, hizo siku anakaa ndani asubuhi na anafunga kitambaa akitoka, boda na barabara ya vumbi hapana.

Hiyo ya jiko la shule inanisumbua sana. Miaka 16 kwenye chumba chenye dirisha moja! Nenda kwa mwalimu mkuu na ile karatasi ya hospitali, usiende kuomba huruma, nenda kuomba kazi nyingine hapo hapo shuleni, kugawa chakula, stoo, kuhesabu sahani. Na waambie kuhusu hilo jiko, manake atakayechukua mwiko wako naye ni mtoto wa mtu.

Usiku mama akibanwa mimi nilikuwa namuuliza maswali, "Mama vipi, mama unaumwa wapi", akawa anajaribu kunijibu anaishiwa zaidi. Siku hizi sisemi. Nakaa mbele yake napuliza kama ya chai, ananiangalia anafuata. Mfundishe mmoja hapo nyumbani afanye hivyo.

MamaHawa_Busia

Jamani nimechelewa kurudi, binti alikuwa na simu shuleni. Mungu awalipe, sijui niseme nini.

Chupa tumeitengeneza. Mara ya kwanza tundu lilikuwa kubwa pampu ikawa inacheza, tukaharibu ya pili kwa moto ikajikunja, ya tatu ikakubali, tukaziba na plasta. Nimevuta asubuhi na kwa mara ya kwanza sikuonja uchungu, nilikaa nikingoja uchungu haukuja, baada ya dakika chache kifua kikawa kama mtu amelegeza kanga iliyofungwa kwa nguvu. Kumbe wiki mbili zote nilikuwa nailisha ulimi.

Binti nilimpa simu asome kama alivyosema BintiWaArua. Alisoma akiwa amenipa mgongo. Akamaliza akauliza "mama hiyo ya chai inafanyikaje", tukafanya wote kwenye mkeka, yeye anahesabu. Usiku wa juzi nilibanwa saa nane, aliamka, hakuwasha hata taa, nilimsikia tu gizani anapuliza, nikamfuata. Ilichukua muda lakini ilishuka, na pampu nilitumia mara mbili na chupa. Sikuita mtu wa kunipeleka popote. Baba yake alikuwa amekaa mlangoni ameshika funguo za pikipiki, kumbe amekuwa akikaa pale kila usiku mimi sijui.

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda Jumatano. Sitasema yote, mwanzo haukuwa mzuri, alidhani naomba likizo ya malipo. Nikamwekea karatasi mezani, nikamwambia twende jikoni wakati wa posho. Alisimama mle kama dakika tano akatoka anafuta macho. Amekubali nikae stoo na kugawa chakula kuanzia wiki ijayo, na wazazi watakutana kuhusu kutoboa ukuta na kujenga dohani. Mshahara umepungua kidogo, hilo linauma na bado nalifikiria. Atakayechukua mwiko ni msichana wa miaka 22, ananyonyesha. Nimemwambia mtoto asimlete jikoni na akikoroga asimame upande upepo unakotoka, ndicho nilichoweza kwa sasa.

Muuguzi naomba swali, Jumatatu narudi kliniki, safari hii naenda na binti na daftari kwa sababu najua nikisikia neno moja baya kichwa kinafunga. Nimeandika niulize kama nahitaji ile ya kahawia, na wanione navyovuta kwa chupa. Nimesahau nini?

Muuguzi_Mbale

Andika pia waangalie oksijeni yako kwa kile kidude cha kidoleni, ukiwa umekaa na baada ya kutembea kidogo. Wakumbushe kuwa umemeza dawa za TB mara mbili bila makohozi kuonyesha kitu, hilo liingie kwenye faili lako. Uliza chanjo ya mafua na ya nimonia kama zinapatikana hapo na ni kiasi gani. Na waandike kwenye karatasi kabisa ufanye nini ukizidiwa, dawa gani, siku ngapi, ili usiku mzee wako na funguo zake ajue kama ni wa kupuliza chai au wa kuwasha pikipiki.

Sajenti_Mstaafu (Bombo)

Mama Hawa, kutoka hapo kwenu mpaka kwenye geti la shule ni mbali kiasi gani? Usipande boda kurudi kila siku. Tembea robo yake kwanza, halafu utuambie.